Carscallen: Kijana wa misheni aliyefika Gendia kama mwalimu, akaanza kwa kuwa mwanafunzi

MSAFIRI anayetoka Kisumu kuelekea Homa Bay kwa barabara ya Katito hupita Kendu Bay, mji mdogo wa wavuvi na wafanyabiashara kwenye ufuo wa kusini wa Ghuba ya Winam. Karibu na mji huo kipo kilima cha Gendia. Wengi hupita hapo bila kugeuza shingo, ilhali ni mahali ambapo zaidi ya karne moja iliyopita vijana wawili wa kigeni walipiga hema lao na kuanza kazi ambayo matunda yake yangali yanachumwa hadi leo.

Mmoja wa vijana hao alikuwa Arthur Asa Grandville Carscallen, mzaliwa wa Kanada. Siku alipofika Gendia, Novemba 27, 1906, alikuwa hajatimiza umri wa miaka 28. Hakuwa na mke, hakuijua lugha ya wenyeji, na hapakuwa na mtu wa kanisa lake hata mmoja katika eneo zima la ziwa upande huu wa Kenya.

Wa pili alikuwa Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi. Simulizi nyingi za misheni humtaja kwa sentensi moja na kuendelea na mambo mengine. Makala haya hayatafanya hivyo, kwani kisa cha Carscallen hakikamiliki bila mwenzake huyo.

Wote wawili walikuwa wamesoma London katika chuo cha Waadventista Wasabato kilichojulikana kama Duncombe Hall. Kanisa lao lilikuwa bado changa katika Afrika Mashariki. Wenzao kutoka Ujerumani walikuwa wamekwisha kufungua kituo katika milima ya Upare mwaka wa 1903, lakini huo ulikuwa upande wa himaya ya Wajerumani. Upande wa Waingereza ulikuwa haujaguswa, na ndio waliokabidhiwa vijana hao.

Nchi waliyoikuta

Safari ya kutoka Mombasa ilikuwa imerahisishwa na reli. Garimoshi lilikuwa limefika ziwani Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence kabla ya jina la Kisumu kushika. Hadi mwaka wa 1902, eneo hilo lote lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, kisha serikali ya Uingereza ikalihamishia Afrika Mashariki.

Kisumu ya wakati huo ilikuwa mji wa bati na vumbi, wenye bandari, maduka ya Wahindi, ofisi za serikali na meli za reli, zikiwemo Winifred na Sybil, zilizovuka ziwa kupeleka mizigo Uganda. Kiswahili kilisikika kwa askari, makarani na wachuuzi. Lakini mtu akishavuka ghuba na kufika Karachuonyo, Kiswahili hakikumfikisha mbali. Huko ilisemwa Dholuo.

Aidha, madhehebu mengine yalikuwa yamewatangulia. Marafiki, yaani Wakwekeri, walikuwa Kaimosi tangu mwaka wa 1902. Mapadri wa Mill Hill walikuwa Kisumu. Waanglikana, chini ya John Jamieson Willis, walianzisha shule ya Maseno mwaka huohuo wa 1906. Kwa hiyo kina Carscallen walielekea kusini mwa ghuba, mahali ambapo hapakuwa na misheni.

Hawakuikuta nchi tulivu. Ugonjwa wa malale ulikuwa umepita kwenye fuo na visiwa vya ziwa kama moto wa nyika. Upande wa Uganda pekee inakadiriwa kwamba uliua watu zaidi ya 200,000 katika miaka ya kwanza ya karne hiyo. Huku nako vijiji vya pwani ya ziwa vilipoteza watu, na vingine vikahamwa.

Juu ya hayo, bunduki za serikali zilikuwa bado zina joto. Mwaka wa 1905 kikosi cha Waingereza kilikuwa kimewashambulia Abagusii katika nyanda za juu, kusini mashariki mwa Gendia. Januari 1908 shujaa Otenyo alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, Northcote, na kikosi kingine kikatumwa kuchoma nyumba na kuteka mifugo. Carscallen alijenga kituo chake katikati ya vita hivyo viwili. Mwenyeji aliyemwona mgeni mweupe akipiga hema alikuwa na kila sababu ya kujiuliza anataka nini.

Hata hivyo, Karachuonyo ni nchi yenye somo lake la kale kuhusu wageni. Hatua chache kutoka Kendu Bay liko ziwa dogo la Simbi. Wazee husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji ambacho watu wake, wakiwa kwenye karamu ya pombe, walimfukuza bibi kizee aliyeomba hifadhi usiku. Mwanamke mmoja tu alimkaribisha. Mvua ikanyesha, maji yakapanda, na kijiji kikazama. Watu waliokua wakisikia kisa hicho waliwaacha vijana wawili wa kigeni wakae kilimani.

Juma la Gendia

Maisha ya kijana wa misheni hayakuwa ya kuhubiri kutwa kucha kama wengi wanavyodhani. Sehemu kubwa ya juma ilikuwa kazi ya mikono. Kulikuwa na miti ya kukata, matofali ya kutengeneza, paa la kuezeka na shamba la kulima. Chumvi, vitambaa, dawa, misumari na barua vyote vilitoka Kisumu kwa mashua, na ghuba ikichafuka, watu walingoja.

Kama ilivyokuwa katika vituo vingi vya wakati huo, asubuhi ilianza kwa sala na darasa. Vijana wa kiume walikuja kujifunza kusoma, na mara nyingi walilipia mafunzo hayo kwa kufanya kazi shambani au katika ujenzi. Baadhi walivutwa na mahubiri. Wengine walikuwa wameona kwamba karani wa reli au wa ofisi ya mkuu wa wilaya hupata mshahara, na kodi ya nyumba ilidai fedha taslimu ambazo jembe peke yake lilikuwa gumu kuzileta.

Kisha walikuja wagonjwa, kwani zahanati ya serikali haikuwa karibu. Mtu mwenye kidonda, funza, homa au mtoto anayeharisha alimwendea mgeni mwenye sanduku la dawa, na kijana ambaye hakuwa daktari alijikuta akisafisha vidonda na kugawa kwinini.

Ijumaa alasiri kazi zilipungua. Jua lilipotua, Sabato ilianza, ikaendelea hadi machweo ya Jumamosi. Jambo hilo lilihitaji maelezo mengi. Kwa Mswahili, Jumamosi ni siku ya kwanza ya juma, kama jina lenyewe linavyosema. Kwa Msabato ndiyo ya saba. Kwa Waanglikana na Wakatoliki wa ng'ambo ya ghuba, siku ya Bwana ilikuwa Jumapili. Wenyeji walitakiwa kuelewa kwa nini wazungu waliotumia kitabu kimoja hawakubaliani juu ya siku ya kupumzika.

Inapendeza kuona jinsi Dholuo yenyewe inavyohesabu siku. Jumatatu ni Wuok Tich, siku ya kutoka kwenda kazini, kisha siku zinazofuata huhesabiwa kwa kazi: Tich Ariyo, Tich Adek, Tich Ang'wen, Tich Abich. Juma katika lugha hiyo ni orodha ya kazi, na ndivyo lilivyokuwa juma la Gendia.

Masharti ya imani hiyo mpya hayakuwa mepesi. Pombe na tumbaku vilikatazwa. Mwanamume mwenye wake wengi alikabiliwa na swali gumu, na mjane aliyepaswa kurithiwa alikabiliwa na gumu zaidi. Sheria ya vyakula kutoka kitabu cha Mambo ya Walawi iliruhusu samaki mwenye magamba tu, na hapo mumi, kambare wa ziwa, aliondolewa mezani. Kumwambia mtu wa ufuoni asile mumi ni kuingia ndani kabisa ya nyumba yake.

Si ajabu basi kwamba miaka ilipita kabla ya mavuno kuonekana. Ubatizo wa kwanza ulifanyika Mei 1911, miaka minne na nusu baada ya hema kupigwa. Kwa muda huo wote, wale waliomtuma Carscallen walilazimika kuridhika na habari za shule, shamba na wagonjwa.

Kuondoka kwa Nyambo

Mwaka wa 1907 mchumba wa Carscallen, Helen Bruce Thomson, aliwasili, wakafunga ndoa. Wamishonari wengine walifuata, na Gendia ikaacha kuwa hema la vijana wawili.

Kwa Peter Nyambo mambo yalikuwa tofauti. Huku ziwani alikuwa mgeni sawa na mwenzake. Lugha za Nyasaland ni za Kibantu na Dholuo ni ya Kiniloti, ndugu wa Kiacholi na Kialur, kwa hiyo ngozi nyeusi haikumpa hata neno moja la kuanzia. Alijifunza kama Carscallen alivyojifunza. Lakini uongozi wa misheni ulikuwa mikononi mwa wazungu, naye hakuzeekea Gendia.

Tunakutana naye tena mwaka wa 1914 akiwa London, mara hii bila Biblia ya mahubiri mkononi. Alikuwa amebeba ombi la watu wa Nyasaland na Rhodesia kwa Mfalme George wa Tano, lililoandaliwa akiwa pamoja na mhubiri Joseph Booth, kulalamikia namna Waafrika walivyotawaliwa. Ombi hilo halikufua dafu. Hata hivyo, linaonyesha kwamba kati ya vijana wawili waliovuka ghuba mwaka wa 1906, mmoja aliendelea kujenga ndani ya mfumo uliokuwepo, na wa pili alifika mahali pa kuuhoji waziwazi.

Lugha iliyokosa herufi

Kazi iliyomtofautisha Carscallen na wamishonari wengi wa rika lake ilikuwa ya polepole na isiyoonekana. Alikaa na watu, akasikiliza, akaandika maneno.

Mtu asidhani hilo ni jambo dogo. Dholuo ina sauti ambazo sikio la Mwingereza au Mkanada huzichanganya. Kuna t na th, d na dh, n na ng'. Asiyetofautisha tho, ambalo ni kifo, na to, ambalo ni lakini, anaweza kuvuruga mahubiri ya mazishi mbele ya wafiwa. Irabu nazo ni nyingi kuliko herufi tano za Kirumi zinavyoweza kuonyesha, na kiimbo hubadilisha maana. Neno linaloandikwa kendo laweza kuwa mekoni, laweza kuwa kuoa, tena laweza kuwa tena.

Kwa kazi kama hiyo, mwalimu wa kweli ni mwenyeji. Ni mvulana wa shule anayecheka mgeni akikosea, ni mama anayerudia jina la mmea mara ya tatu, ni mzee anayeeleza kwa nini neno hili haliwezi kutamkwa mbele ya mkwe. Carscallen alikuja kama mwalimu, lakini katika jambo hili alikuwa mwanafunzi, na walimu wake walikuwa watu wa Karachuonyo.

Baada ya takribani miaka mitano aliimudu lugha. Anahesabiwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuitia Dholuo katika maandishi. Alitunga kitabu cha sarufi cha kutumiwa katika shule za misheni, akatafsiri sehemu za vitabu kadhaa vya Agano Jipya, na kukusanya kamusi kubwa ya Dholuo na Kiingereza.

Mwaka wa 1913 alipata mashine ndogo ya kuchapisha na kuiweka Gendia. Lengo lilikuwa kuchapisha vitabu vya kanisa, lakini mashine hiyo ilihudumia shule pia. Kwa mara ya kwanza katika ufuo huo, mtoto aliweza kushika karatasi iliyochapishwa karibu na kwao, katika lugha ya mama yake.

Wakati huohuo vituo viliongezeka: Wire Hill, kisiwa cha Rusinga, Kanyadoto, Karungu, Nyanchwa huko Kisii, na Kamagambo. Kijana wa mwaka wa 1906 alikuwa sasa msimamizi wa misheni nzima ya Afrika Mashariki ya Waingereza.

Mumbo na vita

Si wote walioshangilia. Mwaka huohuo wa 1913, Onyango Dunde wa Alego alitangaza kwamba amemezwa na kutapikwa na nyoka mkubwa wa ziwani aitwaye Mumbo, na kwamba ametumwa na ujumbe: dini ya wazungu ni ya uongo, watu wairudie mila yao, na wazungu wataondoka. Ujumbe huo ulivuka hadi Nyanza Kusini na kupata wafuasi wengi, hasa Kisii.

Mwaka uliofuata ulionekana kama kuthibitisha utabiri huo. Vita Kuu vilipozuka, majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka na kuingia Kisii Septemba 1914. Wazungu waliokuwa huko walikimbia. Septemba 12 Waingereza walipigana nao, na Wajerumani wakarudi nyuma. Katika pengo hilo la siku chache, wenyeji walivamia mji na misheni na kuzipora, jambo lililowaletea adhabu kali ya serikali baadaye.

Mwanahistoria mwadilifu hawezi kulipita tukio hilo kwa kulilaumu giza la washenzi, kama ilivyokuwa desturi ya waandishi wa zamani. Kwa waliopora, bendera, kodi, bunduki na kanisa vilikuwa vimekuja kwa garimoshi moja. Carscallen hakubeba bunduki, lakini alikaa chini ya ulinzi wa waliozibeba. Mema aliyoyafanya hayakumwondolea kivuli hicho.

Vita viliendelea kuidai Nyanza. Vijana kwa maelfu walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, kundi ambalo jina lake limebaki Nairobi katika mtaa wa Kariokor. Wengi hawakurudi. Baada ya vita, shule zikajaa, kwani waliorudi walikuwa wameona kwamba anayesoma hupewa kalamu na asiyesoma hupewa mzigo.

Kitabu bila jina

Carscallen aliacha usimamizi wa misheni mwaka wa 1921, baada ya miaka 15. Alifariki mwaka wa 1964, mwaka mmoja tu baada ya Kenya kupata uhuru.

Kazi aliyoianzisha ilikua mikononi mwa wengine. Hospitali ya Wasabato ya Kendu ilifunguliwa mwaka wa 1925. Kamagambo ikawa kitovu cha elimu na mafunzo ya walimu. Mashine ndogo ya Gendia ilizaa shirika la uchapishaji la Africa Herald la Kendu Bay. Miongoni mwa waliosoma shule ya msingi ya Gendia ni Barack Obama mkubwa, mzaliwa wa eneo hilo na baba wa rais wa 44 wa Marekani.

Kitabu chake cha sarufi kilipata maisha ya ajabu. Kilitumiwa kwa miaka mingi katika shule za magharibi mwa Kenya, kikapewa jina jipya na kuchapishwa upya mwaka wa 1936 kama Dho-Luo for Beginners. Wageni wengi waliojifunza lugha hiyo walikitumia. Lakini jina la aliyekitunga lilisahaulika, na wengi waliokishika hawakujua kwamba ni cha kijana wa Kanada aliyepiga hema Gendia. Kamusi yake nayo imehifadhiwa London, katika chuo cha taaluma za Mashariki na Afrika, mbali na ziwa ambako maneno yake yaliokotwa.

Mtu anaweza kumsikitikia kwa kupokonywa sifa yake. Lakini kabla ya kufanya hivyo, heri akumbuke kwamba wapo waliotangulia kupokonywa. Wavulana, akina mama na wazee wa Karachuonyo waliompa maneno hayo mmojammoja hawakuandikwa kwenye jalada la toleo lolote. Nyambo, aliyevuka naye ghuba, alibaki tanbihi katika historia ya misheni aliyosaidia kuianzisha.

Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu Wajaluo zaidi ya milioni 5 nchini Kenya. Lugha yao ina Biblia, vitabu vya shule, nyimbo na vituo vya redio, na vijana huandikiana kwayo kwenye simu bila kufikiri kwamba kuna wakati th na dh zilikuwa zinatafuta herufi. Watu wa Gendia wangefanya vyema kuweka bao la kumbukumbu kilimani hapo kwa ajili ya Novemba 27, 1906. Na wakifanya hivyo, waandike majina mawili, na chini yake waache mstari kwa ajili ya walimu wa Karachuonyo.